Akili Inavyounganisha Dhana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi, Wanafunzi na Walimu wa Nairobi

Maswali haya ninayapata kwa wazazi na walimu wa Eastlands kila tunapoongea kuhusu masomo ya watoto. Nimeyajibu kwa urefu usiolingana, kwa sababu mengine yana mengi ndani yake. Msimamo wangu utauona kote: mtoto hapokei jambo likiwa zima, bali hulijenga kwa dhana alizo nazo tayari. Anaposhindwa, kazi yetu ni kutafuta dhana ipi haipo, au ipi imeungwa mahali pasipo pake.

Dhana ni nini hasa?

Ni kile kinachokuwezesha kukitambua kitu ambacho hujawahi kukiona. Matatu mpya ikiingia barabarani leo na michoro ambayo hakuna aliyewahi kuiona, utajua papo hapo kwamba inabeba abiria, kwamba ina makanga, na kwamba nauli huenda ikapanda mvua ikinyesha. Hakuna aliyekupa habari za gari hilo. Dhana ya matatu uliyo nayo ndiyo iliyokueleza.

Kwa karne nyingi wasomi waliamini kwamba kila dhana ina ufafanuzi wenye mipaka kamili. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Mmarekani Eleanor Rosch alionyesha kwamba dhana nyingi za kila siku zina kitovu na pembezoni: baadhi ya vitu ni mifano mizuri zaidi kuliko vingine. Mwambie mtoto ataje ndege. Atamtaja njiwa au kunguru kabla ya mbuni, na huenda hata wale korongo wakubwa wanaokaa kwenye migunga karibu na Uwanja wa Nyayo wasimjie upesi, ingawa anawaona kila akipita.

Kuunganisha dhana ni kufanya nini?

Ni kuchukua dhana ulizo nazo na kupata wazo ambalo hukuwa nalo. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti wa karne ya 18, alitoa mfano wa mlima wa dhahabu. Hakuna aliyeuona, lakini yeyote anayejua mlima na anayejua dhahabu anaweza kuuwaza.

Mpangilio nao una uzito wake. "Mbwa amemfukuza askari" na "Askari amemfukuza mbwa" ni sentensi zenye dhana zilezile tatu, ila mawazo ni mawili tofauti kabisa. Mwaka 1988 Jerry Fodor na Zenon Pylyshyn walisema kwamba hupati mtu anayeweza kuwaza la kwanza akashindwa kuwaza la pili, na kwamba hiyo ni dalili kuwa fikra zina vipande vinavyopangika upya. Wapo wanaowapinga kuhusu namna ubongo unavyolitekeleza hilo. Uwezo wenyewe tunauona nyumbani: mtoto wa miaka minne huuliza maswali ambayo hajayasikia kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo ni kujumlisha tu? Dhana moja ongeza nyingine?

Hapana, na hapa ndipo somo hili linaponivutia zaidi. Mwaka 1981 Daniel Osherson na Edward Smith waliichunguza dhana ya samaki wa kufugwa nyumbani. Mnyama wa kufugwa anayetujia akilini upesi ni mbwa au paka. Samaki anayetujia upesi ni wa kuliwa. Yule samaki mdogo wa rangi anayeogelea kwenye tangi la kioo si mfano mzuri wa mnyama wa kufugwa wala wa samaki, lakini ni mfano mzuri mno wa samaki wa kufugwa. Hakuna kujumlisha kwa kawaida kunakoleta jibu hilo.

Au chukua embe bichi. Dhana ya embe haina pilipili ndani yake. Dhana ya ubichi haina pilipili. Lakini mtajie mtu wa Nairobi embe bichi, mdomo wake utajaa mate, kwa sababu amemwona muuzaji kando ya barabara akilipasua na kulipaka chumvi na pilipili. Pilipili hiyo imetoka kwenye maisha yake. Haimo katika dhana yoyote kati ya zile mbili. Sifa za namna hii, zinazojitokeza baada ya dhana kukutana, zilichunguzwa sana na James Hampton wa Uingereza katika miaka ya 1980.

Mwalimu hana budi kulizingatia hili. Akisema "mto humomonyoa kingo zake" mbele ya darasa, mtoto aliyekulia Korogocho na kuuona Mto Nairobi ukila ardhi wakati wa masika anajenga wazo moja, na jirani yake wa dawati ambaye mito ameiona kwenye vitabu tu anajenga jingine. Wamesikia sentensi moja. Hawana wazo moja. Wote wawili wakiulizwa kama wameelewa, watasema ndiyo, na hawatakuwa wamedanganya.

Mwanangu ana akili, lakini swali likiwa na hatua nyingi anapotea. Kwa nini?

Kwa sababu nafasi tunayotumia kuunganisha dhana kwa wakati mmoja ni ndogo mno. Mwaka 1956 George Miller aliikadiria kuwa vitu 7, kuzidi au kupungua 2. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliupitia ushahidi upya akaishusha hadi vitu 4 hivi, na hao ni watu wazima.

Ila kitu kimoja kinaweza kubeba vingi ndani yake. Namba ya simu yenye tarakimu 10 hatuisomi tarakimu moja moja. Tunaigawa mafungu matatu, na tarakimu za mwanzo tumezizoea kiasi kwamba zinahesabika kama kitu kimoja. William Chase na Herbert Simon walilithibitisha hili mwaka 1973 kwa mchezo wa sataranji. Bingwa alioneshwa ubao wa mchezo halisi kwa sekunde 5, akaweza kupanga upya kete nyingi kuliko mchezaji mgeni. Kete zilipotawanywa ovyo ubaoni, ubora wake ukatoweka karibu wote. Kumbukumbu yake haikuwa pana kuliko ya wengine. Alichokuwa nacho ni mafungu makubwa ya maana, yaliyojengwa kwa miaka mingi.

Sasa mtazame mtoto wa Gredi ya 5 anayetafuta eneo la shamba huku akihesabu vidole kupata 7 mara 8. Nafasi yake yote imekwisha kwenye vidole. Akirudi kwenye shamba, shamba limeshamtoka akilini. Tafadhali msimwite mzembe. Mruhusuni aandike kila hatua kwenye karatasi, na kuzidisha kufanyiwe mazoezi wakati wake, mbali na swali refu, mpaka kusimchoshe.

Dukani anapiga hesabu vizuri. Darasani anapata sufuri. Ananichezea?

Hakuchezei. Hili ni swali ninalolipenda kuliko yote, na lina utafiti wake maarufu. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha walichokiona mjini Recife, Brazil. Waliwaendea watoto 5 waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani, wakajifanya wateja. Kibandani, watoto walipata zaidi ya asilimia 98 ya majibu. Baadaye watoto walewale walipewa hesabu zilezile kwa maandishi. Zilipokuwa zimefungwa katika hadithi, walipata karibu asilimia 74. Zilipokuwa namba tupu, asilimia 37 hivi.

Mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, kila nazi ikiwa 35. Hakuongeza sufuri kama shule inavyofundisha. Alijua nazi 3 ni 105, akaongeza 3 nyingine kufika 210, kisha akaendelea mpaka 350. Hiyo ni hesabu kamili, yenye mantiki, ambayo daftari la shule halikuiona.

Watoto wa hapa ni hivyohivyo. Aliyezoea kuuza mayai na nyanya kwenye kibanda cha mama yake ana dhana ya wingi, ya bei na ya chenji, na zote zimeshikana. Darasani anapewa alama za × na ÷ ambazo hazijashikana na chochote alicho nacho. Tatizo liko kwenye kiungo kati ya pande hizo mbili.

Mzazi, fanya hivi. Mpe hesabu ya kibanda kwa mdomo: nyanya za mafungu 6, kila fungu shilingi 20, mteja ametoa noti ya 200. Atajibu. Mwombe akueleze alivyopata, hatua kwa hatua, nawe uandike maneno yake kwa alama za shule pembeni, huku anaangalia. "Umesema sita, kila moja ishirini, shuleni wanaandika hivi." Halafu mwache aandike inayofuata mwenyewe. Usimwambie kamwe kwamba njia yake ya kibandani si hesabu. Ndiyo msingi pekee ulio nao wa kujengea.

Kwa nini anakosea huku akijiamini kabisa?

Kwa sababu kosa hilo amelijenga, hakulibahatisha. Mwaka 1992 Stella Vosniadou na William Brewer waliwauliza watoto 60 wa jimbo la Illinois, Marekani, kuhusu umbo la dunia. Wengi walijibu kwamba ni duara. Walipoulizwa zaidi, baadhi walikuwa wanawaza tufe lenye uwazi ndani, watu wakiishi ndani yake juu ya sakafu bapa. Wengine waliwaza dunia mbili, ya duara huko angani na bapa hii tunayoikanyaga. Walikuwa wamechukua neno la mwalimu na kuliunganisha na ardhi wanayoiona kila siku. Jibu la karatasini lilikuwa sahihi. Wazo lililokuwa nyuma yake halikuwa.

Sehemu za namba nazo ni hivyo. Anayesema robo ni kubwa kuliko theluthi kwa sababu 4 inaizidi 3 ametumia dhana sahihi ya namba nzima mahali isipofaa. Mpeleke kwenye bucha. Anajua nusu kilo ya nyama inazidi robo, hajawahi kulikosa hilo, wala hatakubali kulipishwa bei ya nusu apewe robo. Sasa mwandikie namba zote mbili kwa tarakimu, umuulize kwa nini yenye 4 chini imekuwa ndogo. Mpe muda. Usimjibie.

Kukariri ni kubaya?

Si kubaya. Bila vitu kichwani hakuna cha kuunganisha, na wanaosema mtaala wa umilisi umeondoa haja ya kukumbuka wanawapotosha wazazi. Kilicho dhaifu ni kusoma ukurasa uleule tena na tena mpaka macho yaone umekuwa rahisi. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Kundi moja lilisoma maandishi mara 4. Jingine lilisoma mara 1, kisha likafunga na kujaribu kukumbuka mara 3. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, walikumbuka asilimia 40, na waliojijaribu asilimia 61.

Basi kudurusu kwa kweli ni kufunga daftari.

Mfano wa mwalimu anauelewa. Swali jipya linamshinda. Nini kinakosekana?

Kuona kwamba mambo mawili yenye sura tofauti yana mpangilio mmoja. Mary Gick na Keith Holyoak walilichunguza mwaka 1980 kwa fumbo lililotungwa na Karl Duncker. Mgonjwa ana uvimbe tumboni. Miale mikali itauharibu uvimbe, lakini itaharibu pia nyama nzima inayopitia. Miale dhaifu haidhuru chochote. Daktari afanyeje? Watu wapatao 1 katika 10 hulifumbua wenyewe: apeleke miale mingi dhaifu kutoka pande mbalimbali, ikutane kwenye uvimbe.

Wengine walisomewa kwanza kisa cha jemadari aliyetaka kuiteka ngome. Njia zote za kuifikia zilitegwa mabomu ambayo yangelipuka jeshi kubwa likipita, naye akaligawa jeshi katika vikosi vidogo vilivyoingia kwa njia tofauti na kukutana ngomeni. Jibu walikuwa nalo mkononi. Hata hivyo ni kama asilimia 30 tu waliolitumia kwa mgonjwa. Walipodokezwa kwamba kisa kinaweza kuwasaidia, wakafika asilimia 75 hivi.

Mimi husoma takwimu hizi kama onyo kwetu sote. Kujua hakutoshi, dhana inabaki imefungwa ndani ya kisa ilichokuja nacho, jemadari na mabomu yake. Utafiti wa wawili hao wa mwaka 1983 ulionyesha dawa: watu wakipewa visa viwili na kuombwa waseme vinafanana wapi, wanauona mpangilio ulio chini ya sura. Kwa hiyo usimpe mtoto maswali kumi ya aina moja. Mpe mawili yenye sura tofauti: matatu inayotoka Githurai kwa mwendo fulani kuelekea mjini, na mfereji unaojaza tangi la maji la ploti. Muulize yanafanana wapi kabla ya kuanza kukokotoa. Akikuambia "zote ni kasi mara muda," amepata kitu atakachokwenda nacho mbali.

Afikiri kwa lugha gani? Nyumbani tuna tatu, mtaani kuna Sheng.

Afikiri kwa ile inayomwezesha kueleza jambo mpaka mwisho. Sera ya Kenya inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na hapa Nairobi hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Mtoto anayeeleza usanisinuru kwa Sheng kwa usahihi ameuelewa. Istilahi za mtihani zitafuata, na kuzifundisha ni kazi rahisi zaidi.

Kama lugha yenyewe ndiyo gundi ya dhana, hilo wanasayansi bado wanalijadili. Mwaka 1999 Linda Hermer-Vazquez na wenzake waliwazungusha watu wazima ndani ya chumba kidogo chenye ukuta mmoja wa buluu, kisha wakawaambia watafute kitu kilichofichwa kwenye pembe. Walikipata kwa kuunganisha umbo la chumba na rangi ya ukuta. Walipotakiwa kurudia kwa sauti maneno waliyokuwa wakiyasikia, hivyo lugha yao ikawa na shughuli nyingine, wakaitegemea tu sura ya chumba, kama watoto wadogo. Ikaonekana lugha ni ya lazima. Lakini watafiti wengine walipotumia chumba kikubwa, hata watoto wadogo waliweza kuutumia ukuta wa rangi. Ninaamini lugha inasaidia sana kushikilia muungano wa dhana, ila si yenyewe peke yake inayouleta.

Mawazo mapya kabisa hutoka wapi?

Kwa kadiri ninavyoona, ni ya zamani yaliyokutana. M-Pesa tunaifahamu sote. Kabla yake watu walikuwa tayari wakitumiana muda wa maongezi na kuuhesabu kama pesa. Majaribio ya mwaka 2005 yalilenga wateja wa mikopo midogo walipe madeni yao kwa simu, na waliojaribu wakaanza kuitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikowekwa mbele. Simu ilikuwapo, wakala wa kuuza kadi za muda wa maongezi alikuwapo, na haja ya kupeleka hela nyumbani ilikuwapo tangu zamani za kumpa dereva wa basi bahasha. Kilichokuwa kipya ni kuviunganisha.

Ni sehemu gani ya ubongo inayofanya kazi hii?

Hakuna sehemu moja. Hipokampasi, iliyo ndani ya ubongo upande wa masikio, ina mchango mkubwa. Mwaka 1953 Henry Molaison wa Marekani alifanyiwa upasuaji ulioondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zake ili kutuliza kifafa, na hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Mwaka 2007 Demis Hassabis na wenzake waliwaomba watu wenye hipokampasi zilizoharibika wawaze jambo ambalo halijatokea, mathalani kukaa kwenye ufuo mzuri. Walitoa vipande vipande visivyoshikana. Kukumbuka jana na kuwaza kesho vinatumia, kwa sehemu kubwa, mtambo mmoja.

Akiuliza programu ya akili unde na kupata jibu zuri, si amejifunza?

Amepata jibu. Mwaka 1994 Michelene Chi na wenzake waliwapa wanafunzi wa umri wa miaka 14 hivi maandishi kuhusu moyo na mzunguko wa damu. Walioombwa kujieleza maana ya kila sentensi walielewa zaidi kuliko waliosoma yote mara mbili. Muungano wa dhana unatokea kwa anayefanya kazi ya kuunganisha. Atumie programu kumuuliza maswali, au kukosoa maelezo aliyokwisha kuyaandika mwenyewe. Kwa mpangilio huo sina pingamizi nayo.

Nina miaka 48 na nimerudi shule. Nimechelewa?

Hapana. Utakuwa mzito zaidi kushika majina na tarehe kuliko kijana wa miaka 20. Ila una dhana nyingi za kuungia: umelipa kodi ya nyumba, umelea, umeendesha biashara. Somo la uchumi litapata mahali pa kushika.

Nyumbani ni chumba kimoja na kelele ni nyingi. Tufanyie wapi haya?

Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 pale mjini kwenye Barabara ya Banda, ina matawi Eastlands, moja Kaloleni na jingine Makadara. Ulizia kwanza saa zao. Mtoto aende na kalamu, karatasi tupu na kitabu kimoja. Asome kurasa mbili, afunge, aandike anachokumbuka kwa lugha yoyote, kisha afungue na kuweka alama mahali alipokosea. Jioni muulize jambo moja tu kati ya yale yenye alama, na umwache aeleze hadi amalize.